Chumba Chenye Mlango

Ijumaa, 9 Februari

Siku ya ishirini na moja ya ndoa yangu! Tumefika Agua Mansa jioni, baada ya mwendo wa saa kumi na moja ndani ya basi kutoka Ambato. Mvua tangu tulipoanza kushuka milimani. Wilfrido amelala begani kwangu karibu njia nzima. Bega likafa ganzi. Sikulisogeza. Mapenzi ndiyo haya.

Likizo yetu ya kwanza, Karnivali yetu ya kwanza, kwa wazazi wake, karibu na bahari. Nimekuwa nikiiota tangu harusini. Ndotoni hapakuwa na watu wengine.

Watu wengine ni hawa. Mama Auristela, mama mkwe wangu, msukaji wa kofia za nyasi za tokiya, mwanamke wa maneno machache na vidole vyembamba kama sindano. Don Telmo, baba mkwe, dereva mstaafu wa lori. Monserrate, wifi yangu, hajaolewa, ana maoni. Na Shangazi Edelmira, ambaye ni kiziwi isipokuwa pale ambapo ningependa awe kiziwi.

Nyumba ni ya mianzi, juu ya nguzo, chumba kimoja kikubwa na mapazia. Sisi wageni tunalala kwenye machela za kamba sebuleni. Kulabu zinatosha machela tatu. Yangu ukutani. Ya Wilfrido dirishani. Ya katikati ni ya Don Telmo, ambaye amelala hapo miaka thelathini kwa sababu ya mgongo wake na hana mpango wa kuhama. Nimemtakia mume wangu usiku mwema kupitia juu ya tumbo la baba yake. Tumbo limejibu.

Lakini kuna chumba kimoja chenye mlango! Nimekichungulia. Ndani mna kitanda cha watu wawili, godoro jipya bado limo kwenye nailoni. Juu ya godoro, mafungu ya nyasi za tokiya. Kando ya kitanda, kigogo cha kusukia, na juu yake kofia moja, nyeupe, laini hata nikadhani ni kitambaa.

Nimemuuliza mama mkwe, kwa adabu zote, kama tungeweza kulala humo. Akasema tokiya laini kiasi kile haipendi pumzi za watu wanaolala, wala moshi, wala manukato. Akanishika mkono, akaunusa. Ni mafuta ya waridi, zawadi ya Wilfrido. Akasema mkono wenye mafuta usivuke ule mlango. Kofia ikiisha, kitanda ni chenu. Nikauliza bado kiasi gani. Akaonyesha vidole vinne.

Siku nne! Nikambusu.

Wilfrido amenieleza baadaye, akinyoosha shingo juu ya baba yake, kwamba si siku. Ni upana wa vidole vinne vya ukingo. Kidole kimoja huchukua wiki tatu.

Tunaondoka Jumatano.

Jumamosi, 10 Februari

Mpango wa kwanza. Rahisi, safi. Wote waende ufukweni, sisi tubaki tukiumwa matumbo. Mtu akiwa na nyumba nzima, chumba cha nini?

Wakati wa kifungua kinywa nimetangaza kuwa bahari ni tamu zaidi wakati wa mvua. Nimesema nimesoma mahali. Monserrate akauliza wapi. Nikasema gazetini. Akauliza gazeti gani. Nikaomba nipitishiwe ndizi.

Hakuna aliyeinuka. Na hapo nimegundua jambo ambalo Wilfrido, pamoja na mazuri yake yote, hakunieleza hata siku moja. Jua likiwaka, nyasi za tokiya hukauka na kukatika kama tambi mbichi, na wasukaji hulala. Hewa ikiwa na unyevu, nyasi hulainika, na kila mwenye vidole husuka. Siku ya mvua ndiyo siku yenyewe! Kufikia saa tatu wamefika majirani wanne, kila mmoja na kigogo chake. Wote wameinama, vifua juu ya mito, kama watu waliodondosha hereni. Wanasifu mvua. Mmoja amenipongeza kwa kuileta.

Aliyekubali kwenda baharini ni Don Telmo peke yake. Amesema mkwe wake ametoka milimani kuja kuiona bahari, basi ataiona, hata kama itabidi amshike mkono. Matumbo yetu yakapona papo hapo. Tungefanyaje?

Nimekaa mbele ya pikapu na Don Telmo. Wilfrido amekaa nyuma kwenye mvua, akishikilia sanduku la barafu lisianguke. Don Telmo amenipa historia ya kila daraja. Madaraja ni saba.

Ufukweni, sisi watatu na mbwa mmoja. Bahari na mbingu vyote rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Tumekula seviche, samaki mbichi wa ndimu, chini ya turubai la mama mmoja aliyetuangalia kwa huruma. Turubai likajaa maji, likaning'inia kama kiwele. Don Telmo akalisukuma kwa mpini wa ufagio. Yote yakamwagikia Wilfrido.

Wilfrido akiwa amelowa ni mzuri kupita kiasi. Nywele zimemlalia usoni. Nimetaka kumwambia, lakini Don Telmo alikuwa akieleza kuhusu mafuta ya injini.

Jumapili, 11 Februari

Nimefikiri usiku kucha, nikisaidiwa na mikoromo ya Don Telmo. Ikiwa mvua ndiyo inayowaweka nyumbani, adui ni mvua. Mpango wa pili: jua.

Misani nimeomba jua. Sikuomba kwa ubinafsi. Nimetaja pia wakulima. Baada ya misa Monserrate akaniambia kuwa wakulima wa huku wamengoja mvua hii tangu Desemba, na kwamba mtu anayeomba kwa kunong'ona angejifunza kwanza kunong'ona.

Mchana nimekumbuka dawa ya bibi yangu wa Ambato: msalaba wa chumvi uani, mvua hukatika. Nimengoja wote wainamie vigogo. Nimechukua kopo la chumvi jikoni. Nimechora msalaba mzuri, mikono sawasawa, karibu na banda la kuku. Mvua imeulamba kabla sijafika mguu wa chini. Nimechora tena. Umelambwa. Mara ya tatu nimeufunika kwa mwavuli, nikasimama hapo nikilowa, huku chumvi ikiwa pakavu. Kuku walitoka kuangalia.

Monserrate ametokeza dirishani na mdomo wake. "Wifi! Sisi mvua ikinyesha tunashukuru. Wewe unaikoleza chumvi kama supu?"

Majirani wamecheka bila kuacha kusuka. Shangazi Edelmira, ambaye asubuhi hakusikia kengele ya kanisa, amesikia hili.

Chakula cha jioni kilikuwa supu nzito ya samaki na karanga. Haikuwa na chumvi. Kila mtu amenitazama kwa zamu. Wilfrido amekula mabakuli mawili na kusema hajawahi kula supu tamu kama ile. Nilimchagua vizuri!

Usiku huu mvua imeongezeka. Nadhani dawa ya bibi hufanya kazi milimani tu.

Jumatatu, 12 Februari

Nimekuwa nikilikosea jambo hili tangu mwanzo. Kwa nini nipigane na mbingu? Kinachozuia ni kofia. Kofia ikiisha, mlango ni wetu. Basi kofia iishe.

Asubuhi nimemwomba mama mkwe anifundishe kusuka. Amefurahi! Hakusema, lakini amenisogezea kiti. Ameniosha mikono kwa sabuni ya mche mara tatu, akanipa nyasi nene za kujifunzia na bakuli la maji la kulowesha vidole. Mmoja juu, mmoja chini, vuta, kaza. Mmoja juu, mmoja chini. Baada ya nusu saa nilikuwa na kitu. Mama mkwe amekitazama pande zote. Amesema: "Mkono wako unakimbia, mwanangu. Unafukuzwa na nani?" Monserrate amesema kitafaa kuchujia kahawa.

Lakini kanuni nimeishika. Mmoja juu, mmoja chini. Ugumu wenyewe uko wapi?

Mchana wote wamealikwa kwa jirani, Karnivali ya kumwagiana maji, ingawa mbingu zimeshawamwagia. Nimeshika kichwa na kusema kinauma. Wilfrido akataka kubaki kunikanda. Nimemsukuma nje kwa upendo. Nimengoja vicheko vifike ng'ambo ya barabara. Kisha nimeingia chumba chenye mlango na kuufunga kwa komeo.

Kofia ya karibu inatisha. Kila unyasi ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na kuna mamia yake yamening'inia ukingoni, yakingoja. Nimeinama. Nimeweka kifua kwenye mto wa mama mkwe. Mmoja juu, mmoja chini.

Baada ya kama nusu saa, mlango umegongwa. Alikuwa Wilfrido. Amenong'ona kupitia ufa kwamba ametoroka, kwamba wote wako kwa jirani na hawatarudi mpaka jioni, kwamba nyumba haina mtu. Sauti yake ilikuwa laini kama asali. Moyo wangu umepiga.

Nimemwambia aende zake. Nimemwambia nina kazi muhimu sana kwa ajili yetu wawili, na kwamba nikimaliza atanishukuru. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa, na asirudi kabla ya saa kumi na moja. Nimesikia hatua zake zikishuka ngazi polepole.

Mume msikivu namna hii wanawake wangapi wanaye?

Nimesuka saa tatu nzima. Nyasi chache zilikuwa zinakaa vibaya, zinachomoza chomoza, nimezikata kwa mkasi wa kucha ili pawe nadhifu. Kufikia saa kumi na moja nimemaliza mistari mitatu, urefu wa kalamu hii. Si haba kwa anayeanza. Vidole vimechubuka. Nimevipaka mafuta ya waridi, nikapapasa kazi yangu mara moja ya mwisho kuilainisha.

Mtu asiyejua hawezi kuona tofauti. Mimi mwenyewe nimeona kidogo tu, na mimi najua pa kutazama.

Jumanne, 13 Februari

Mama mkwe ameingia chumbani saa kumi na mbili asubuhi. Ametoka saa kumi na mbili na dakika mbili.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Ameichukua kofia, akasimama nayo dirishani, akaiinua ielekee kwenye mwanga. Hivi ndivyo wanavyozisoma. Mwanga ukipita, mizunguko yote huonekana, mmoja nje ya mwingine, kama pete za maji ukitupa jiwe. Pete zake zote zilikuwa duara safi. Mahali pamoja, upande wa kushoto, jiwe lilikuwa limeangukia kwenye matope.

Amempa Monserrate. Monserrate ametazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maoni. Amempa Shangazi Edelmira. Shangazi hakutazama. Ameinusa tu.

"Waridi," amesema.

Wote wamenigeukia. Nimefikiria kumsingizia kuku.

Nimekiri. Nimesema nilitaka kusaidia. Mama mkwe alikuwa akihesabu nyasi nilizokata, kwa ncha ya ukucha, moja moja. Kumi na moja. Aliyenieleza maana yake ni Don Telmo, akiwa bado ndani ya machela. Unyasi uliokatwa haurudi. Lazima kufumua ukingo wote, kuzunguka, mpaka pale unyasi ule ulipoingizwa. Vidole viwili. Wiki sita za mama mkwe, na macho yake si ya jana.

Kisha Don Telmo akasema lile ambalo nadhani hakuruhusiwa kulisema. Kwamba katika nyumba hii mtoto wa kiume huoa akiwa amevaa kofia iliyosukwa na mama yake. Kwamba wa kiume ni Wilfrido peke yake. Kwamba mama yake aliianza kofia siku ile ile Wilfrido alipopiga simu kusema amempata msichana huko Ambato, na kwamba angeimaliza, ila harusi ilikuja mbio mbio, hakuna aliyejua kwa nini.

Harusi kuja mbio lilikuwa wazo langu. Wilfrido alitaka Juni. Mimi nilisema mapenzi hayangoji.

Kwa hiyo kofia ni yake. Na kitanda, Monserrate akaongeza huku akitazama sakafu, kilinunuliwa kwa ajili yetu. Ndiyo maana godoro bado limo kwenye nailoni.

Nimelia. Kweli, si kwa mpango. Wilfrido amenikumbatia mbele ya wote, akamwambia mama yake kuwa kosa ni lake, kwa kuwa ndiye aliyenunua yale mafuta. Huyu mwanamume!

Mama mkwe ameketi akaanza kufumua. Amefumua asubuhi nzima, na mvua ikinyesha, mvua nzuri ya kusukia, imepotea bure. Hakuna jirani aliyekuja. Habari hapa hutembea hata palipo na matope. Mchana ameniita. Nikadhani ananifukuza. Ameniwekea mkononi fungu la nyasi nene na kianzio cha kofia, kiduara kama sarafu, alichokianza mwenyewe mbele yangu. Amesema nikakisuke nyumbani, Ambato, jioni jioni, bila mafuta mikononi. Nikilete Pasaka kikiwa na upana wa kisahani cha chai. Kikiwa kibaya, kiwe kibaya. Kiwe kama kiota cha ndege mlevi, yeye hajali. Anataka kuuona mkono wangu umekaa kitako mahali pamoja.

Akasema nikikileta atahamishia tokiya zake kwa jirani, kofia iwe imeisha au haijaisha, na chumba ni chetu kwa Pasaka yote. Akaongeza kwamba nisipokuwa na kitu cha kuonyesha, basi kulabu zipo, na Telmo haendi popote.

Nimembusu mikono yote miwili. Nimeapa. Monserrate ameniazima mto wake wa kuegemea kifua, amesema ni wa kuazima tu, wifi, nisiukate.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu, na mwaka huu imeangukia siku ya wapendanao! Padri ametupaka majivu alfajiri kabla ya safari. Wilfrido akiwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso ni kama mtakatifu aliyetoka kazini. Amenipa ua la karatasi. Nimelibandika hapa.

Mama mkwe ametusindikiza mpaka barabarani chini ya mwavuli. Ameniambia maneno mawili: "Polepole, mwanangu." Nimeitikia kwa moyo wote. Na jua limetoka! Limetoka tukiwa tunapanda basi.

Nimeanza kazi papo hapo kwenye kiti. Mmoja juu, mmoja chini. Basi linaruka kwenye mashimo. Kufikia kituo kikuu, saa moja baadaye, kiduara kilikuwa bado kama sarafu, ila sarafu iliyokanyagwa na treni. Nimepiga hesabu. Pasaka ni wiki sita na nusu. Jioni natoka dukani ninakouza viatu, miguu inauma, Wilfrido yuko nyumbani, nyumba yetu wenyewe, milango mitatu. Nani atakaa kitako kusuka?

Basi la Ambato lilikuwa limechelewa. Wilfrido amekwenda kununua ndizi za kukaanga. Pembeni ya kituo kuna mama anauza kofia, mikoba, na vianzio kwa wageni wanaopenda kutundika ukutani. Nimepitisha macho tu. Na palepale, juu kabisa ya rundo, kimoja cha upana wa kisahani cha chai! Nyasi nene, rangi ile ile. Duara safi. Nimemuuliza kama kimesukwa huku huku. Amesema ndiyo, yeye hauzi takataka, vyote huletewa na mama mmoja wa Agua Mansa, Auristela fulani, mkono wake hauna mfano pwani nzima.

Bahati iliyoje! Nilikuwa na hofu kwamba mama mkwe angetambua mkono wa mtu mgeni. Sasa ataona mtindo wa nyumbani kwake, ule ule alionifundisha kwa mikono yake. Atafurahi kiasi gani kuona nimeushika!

Nimekinunua, nikakificha chini ya nguo za ndani. Cha sarafu nimekiacha kwenye benchi la kituo. Wilfrido simwambii, nataka iwe mshangao. Tayari naliona lile godoro likivuliwa nailoni.

Nimekipaka mafuta kidogo ya waridi, ili wote waamini ni changu.